Miswada ya Beatus wa Liébana na Suala la Hofu ya Mwisho wa Dunia katika Rasi ya Iberia, Karne ya 8 hadi ya 13

Ikisiri

Makala haya yanachunguza miswada iliyonakshiwa ya Ufafanuzi wa Ufunuo, kitabu kilichotungwa na Beatus, mtawa wa Liébana kaskazini mwa Rasi ya Iberia, mwishoni mwa karne ya 8. Miswada hiyo, yenye picha za wapanda farasi wanne, joka lenye vichwa saba, kuteketea kwa Babeli na hukumu ya mwisho, imetajwa mara nyingi kuwa ushahidi wa hofu iliyowakumba Wakristo wa Ulaya mwaka 1000 ulipokaribia. Makala yanapima dai hilo kwa kuangalia mambo manne: kalenda iliyotumiwa na wanakili, nafasi ya Kitabu cha Ufunuo katika ibada, mpangilio wa matini na picha, na kumbukumbu walizoandika wanakili wenyewe mwishoni mwa kazi zao. Inabainika kwamba hofu inayozungumzwa katika miswada hii ni hofu ya hukumu, iliyofundishwa kila mwaka kama sehemu ya malezi ya kitawa, wala si taharuki ya watu waliokuwa wakisubiri tarehe fulani.

1.0 Utangulizi

Katika Zama za Kati, kitabu kilikuwa mali adimu. Kila nakala iliandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama iliyosuguliwa na kulainishwa, na kitabu kikubwa chenye majani yapatayo mia tatu kingeweza kumaliza ngozi za kundi zima la kondoo. Kwa hiyo, jamii iliyokubali gharama hiyo ilikuwa na sababu nzito ya kufanya hivyo. Jambo linaloshangaza ni kwamba, kati ya vitabu vilivyopambwa kwa picha nyingi zaidi katika monasteri za kaskazini mwa Uhispania ya leo, kinachoongoza si Injili wala Zaburi, bali ni ufafanuzi wa Kitabu cha Ufunuo wa Yohana, yaani kitabu kinachosimulia mwisho wa dunia.

Zaidi ya nakala ishirini zenye picha, nyingine zikiwa vipande tu, zimesalia kutoka karne ya 9 hadi ya 13. Leo zimetawanyika katika maktaba na makanisa ya Madrid, Girona, Valladolid, Lisbon, Paris, London, Manchester, New York na kwingineko. Mwaka 2015, baadhi ya nakala zilizohifadhiwa Uhispania na Ureno ziliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mwanahistoria Mfaransa Jules Michelet, katika juzuu za historia ya Ufaransa alizochapisha mwaka 1833, alieleza mwaka 1000 kuwa wakati ambapo umati wa Wakristo ulitetemeka ukisubiri kiama. Picha hiyo ya kihistoria ilienea haraka, na miswada ya Beatus, ambayo mingi iliyo mashuhuri ilitengenezwa katika karne ya 10, ilionekana kuithibitisha. Wanahistoria waliofuata waliitilia shaka simulizi ya Michelet, ingawa wapo wa karibuni, akiwemo Richard Landes, wanaoshikilia kwamba matarajio ya mwisho yalikuwa na nguvu kuliko wapinzani wao wanavyokiri. Makala haya hayakusudii kumaliza mjadala huo kwa Ulaya nzima. Yanahusu swali finyu zaidi: je, miswada ya Beatus yenyewe inaweza kutoa ushahidi inaoombwa kuutoa?

2.0 Beatus na Wakati Wake

Mwaka 711, majeshi ya Waislamu kutoka Afrika Kaskazini yalivuka mlango wa bahari na kuuangusha ufalme wa Wavisigothi. Baada ya miaka michache, sehemu kubwa ya Rasi ya Iberia ilikuwa chini ya utawala wa Kiislamu, na Wakristo waliojitawala walibaki katika ukanda mwembamba wa milima ya kaskazini, katika ufalme wa Asturias. Ndani ya milima hiyo limo bonde la Liébana, na humo Beatus aliishi katika monasteri iliyojulikana wakati huo kwa jina la San Martín de Turieno, ambayo baadaye iliitwa Santo Toribio.

Toleo la kwanza la ufafanuzi wake hukadiriwa kuwa la mwaka 776 hivi, na alilirekebisha katika miaka ya 784 na 786. Kitabu kina sehemu kumi na mbili, nacho kimeelekezwa kwa Etherius, aliyekuwa askofu wa Osma. Beatus hakudai kwamba anasema jambo jipya. Alikusanya maneno ya waliomtangulia, miongoni mwao Jerome, Augustino, Gregori Mkuu na Isidori wa Seville, akayaunganisha kuwa mkondo mmoja.

Kati ya watangulizi hao, mwenye uzito wa pekee ni Tyconius, Mkristo wa Afrika ya Kirumi aliyeandika mnamo karne ya 4. Tyconius alikuwa wa kundi la Wadonatisti, lakini alikataa dai la wenzake kwamba Kanisa la kweli ni la watu safi peke yao. Kwake yeye, wema na uovu vimechanganyika ndani ya Kanisa lenyewe, na Kitabu cha Ufunuo ni maelezo ya mapambano hayo ya daima, si ratiba ya matukio yajayo. Ufafanuzi wa Tyconius haukusalia kwa ukamilifu wake. Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuuhusu imepatikana kwa kuchambua waliomnukuu, na Beatus ni mmoja wa mashahidi wakuu. Kwa hiyo, kitabu kilichokuja kuwa alama ya milima ya Asturias kina mizizi mirefu katika fikra za Kikristo za Afrika Kaskazini, zilizoandikwa karne mbili na zaidi kabla ya kutokea kwa Uislamu.

Adui aliyemshughulisha Beatus mwenyewe hakuwa mtawala wa Córdoba. Alikuwa Elipandus, askofu mkuu wa Toledo, aliyefundisha kwamba Kristo, kwa upande wa ubinadamu wake, alikuwa mwana wa Mungu kwa kuasiliwa. Beatus na Etherius waliandika kumpinga, na pande zote mbili zilihusishana na Mpinga Kristo. Mafundisho ya Elipandus yalilaaniwa katika mkutano wa Frankfurt mwaka 794. Ugomvi huu unaonyesha kwamba, kwa Beatus kama kwa Tyconius, hatari kubwa ya nyakati za mwisho ilitoka ndani ya nyumba.

3.0 Hesabu ya Miaka na Kalenda ya Iberia

Hata hivyo, haiwezekani kusema kwamba Beatus hakujali tarehe. Wasomi wengi wa Kikristo waliamini kwamba historia ya dunia imegawanyika katika enzi sita, kwa mfano wa siku sita za uumbaji, na wengine walizipa enzi hizo jumla ya miaka elfu sita. Katika toleo la mwaka 786, Beatus alihesabu kwamba tangu Adamu imepita miaka 5,986, na kwamba imebaki miaka 14 tu kutimiza 6,000. Enzi ya sita ingefika ukingoni mwaka 800. Papo hapo aliongeza onyo kwamba hakuna binadamu aijuaye siku wala saa, na kwamba hesabu hiyo isichukuliwe kuwa hakika.

Upo pia ushahidi wa kambi ya wapinzani wake. Barua iliyotoka kwa Elipandus na maaskofu wenzake kwenda kwa maaskofu wa Gaul inasimulia kwamba Beatus aliwatangazia watu mwisho wa dunia katika mkesha wa Pasaka. Watu wakafunga kwa hofu hadi saa tisa ya siku iliyofuata, ndipo mmoja wao, aliyeshikwa na njaa, akawashauri wale na kunywa, ili kama ni kufa wafe wameshiba. Simulizi hii ni ya dhihaka, nayo imeandikwa na mtu aliyetaka kumvunjia Beatus heshima. Haifai kupokewa kama taarifa ya tukio. Inachothibitisha ni kwamba, hata katika karne ya 8, mtu aliyetangaza tarehe ya mwisho wa dunia angeweza kuchekwa hadharani, na kwamba mshindani wake alitegemea wasomaji wacheke pamoja naye.

Mwaka 800 ulipita. Lau kitabu cha Beatus kingekuwa tangazo la tarehe, thamani yake ingekwisha hapo. Kilichotokea ni kinyume chake. Kipande cha kale zaidi chenye picha, kinachohifadhiwa katika monasteri ya Silos, ni cha mwishoni mwa karne ya 9, na kipindi cha uzalishaji mkubwa kilianza katika karne ya 10, zaidi ya miaka mia moja baada ya tarehe iliyohesabiwa. Wanakili walitumia ngozi, rangi na miezi ya kazi kwa ajili ya kitabu ambacho hesabu yake ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Hapa ndipo suala la kalenda linapokuwa na uzito. Wanaoihusisha miswada hii na mwaka 1000 huihesabu kwa kalenda ya kuzaliwa kwa Kristo, ambayo ndiyo inayotumika leo. Wanakili wa Iberia hawakuitumia katika kuweka tarehe za kazi zao. Wao walifuata Era ya Hispania, iliyoanzia mwaka 38 kabla ya Kristo, na ambayo iliendelea kutumika Castilla hadi mwaka 1383 na Ureno hadi mwaka 1422. Ili kupata mwaka wa Era, huongezwa miaka 38 juu ya mwaka wa kalenda ya leo.

Matokeo ya tofauti hiyo ni makubwa. Mwaka wa 1000 wa Era ulikuwa mwaka 962. Mswada wa Tábara, uliokamilika mwaka 970, ulikamilika katika Era 1008. Mswada wa Valcavado, ulio sasa Valladolid, ni wa mwaka huohuo. Mswada wa Girona, wa mwaka 975, ni wa Era 1013. Kwa watu waliouandika, namba ya elfu moja ilikuwa imeshapita kwa miaka minane au kumi na mitatu, na kumbukumbu zao hazina neno lolote la kushangaa kwamba wamevuka mpaka huo salama. Miswada mitatu maarufu kati ya ile inayoitwa mashahidi wa hofu ya mwaka 1000 ilitengenezwa na watu ambao, kwa hesabu yao wenyewe, walikuwa wakiishi baada ya mwaka 1000.

4.0 Ibada, Matini na Picha

Kama si tarehe, ni nini kilichokifanya kitabu hiki kinakiliwe kwa bidii? Jibu la kwanza liko katika ibada. Mkutano wa nne wa Toledo, uliofanyika mwaka 633 chini ya uongozi wa Isidori wa Seville, uliamuru Kitabu cha Ufunuo kisomwe makanisani katika kipindi cha Pasaka hadi Pentekoste, na ukaweka adhabu ya kutengwa kwa atakayekaidi. Makanisa mengine ya Magharibi hayakukipa kitabu hicho nafasi kama hiyo. Hivyo kila mwaka, katika majira ya furaha ya ufufuo, watawa wa Iberia walisikia habari za mihuri saba, baragumu saba na Yerusalemu mpya. Kitabu kinachosomwa kila mwaka kinahitaji kufafanuliwa, na ufafanuzi wa Beatus ulijaza haja hiyo.

Jibu la pili liko katika mpangilio wa kitabu chenyewe. Beatus aliugawa Ufunuo katika vifungu vifupi. Kila kifungu hutangulia kwa maneno ya Maandiko, yanayoitwa kisa. Hufuatiwa na picha. Kisha huja ufafanuzi mrefu unaokirudia kisa neno kwa neno. Picha imewekwa katikati, baina ya neno na maana yake. Msomaji hapewi nafasi ya kuitazama kama pambo la pembeni. Anasoma, anatazama, ndipo anaelezwa.

Mtindo wa picha unalingana na kazi hiyo. Wachoraji wa karne ya 10 waligawa nyuma ya picha kwa mikanda mipana ya rangi kali: njano, nyekundu, buluu, kijani na zambarau. Hakuna anga wala ardhi, hakuna kivuli, na watu hawana uzito wa mwili. Kandokando yao yameandikwa maneno mafupi yanayotaja kila mmoja ni nani na anafanya nini. Yerusalemu ya mbinguni huchorwa kama mraba unaotazamwa kutoka juu, na kuta zake nne zimelazwa chini ili milango yote kumi na miwili, mitatu kila upande, ionekane kwa pamoja. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuuona mji namna hiyo. Mchoraji hakutaka kuonyesha jinsi mji unavyoonekana. Alitaka msomaji auhesabu mlango kwa mlango na kuuweka moyoni.

Mwanamke aliyevikwa jua na joka lenye vichwa saba hupewa kurasa mbili zinazokabiliana, jambo linalomlazimu msomaji kugeuza macho kutoka upande hadi upande ili kufuata mkia unaokokota nyota. Picha za namna hii hudai muda. Mtu aliyeingiwa na taharuki hasomi hivyo. Anayesoma hivyo ni mtu aliyefunzwa kutafakari polepole.

Katika nakala nyingi imo pia ramani ya dunia. Mashariki iko juu, ambako Adamu na Hawa wamesimama katika bustani. Chini yake ni Asia, kisha Ulaya na Afrika. Na upande wa kusini, ng'ambo ya bahari iliyopakwa rangi nyekundu, ni sehemu ya nne ya dunia, ambayo kwa maelezo yaliyotoka kwa Isidori haijulikani kwa sababu ya ukali wa jua. Ramani hiyo haikuwa ya msafiri. Imewekwa mahali ambapo Beatus anaeleza jinsi mitume walivyogawana nchi za kuhubiri. Katika mswada wa Osma wa mwaka 1086, vichwa vya mitume vimechorwa juu ya nchi walizopewa. Kitabu cha mwisho wa dunia, kwa hiyo, kina ndani yake picha ya kazi iliyokuwa bado inaendelea.

5.0 Wanakili na Wachoraji kama Mashahidi

Ushahidi wa karibu zaidi kuhusu nia ya watengenezaji umo katika maneno waliyoandika kwenye kurasa za mwisho. Tofauti na mafundi wengi wa Zama za Kati, baadhi ya watengenezaji wa miswada hii wanajulikana kwa majina.

Wa kwanza ni Maius, aliyechora mswada unaohifadhiwa leo katika Maktaba ya Morgan mjini New York. Aliutengeneza kwa agizo la abate wa monasteri ya Mtakatifu Mikaeli, na tarehe yake ameiandika kwa fumbo la hesabu ambalo wataalamu hulifumbua kwa namna tofauti, ingawa mtindo wa kazi unaelekeza katikati ya karne ya 10. Maius anaeleza kwamba amevichora visa kwa utaratibu wake ili wenye maarifa waogope kuja kwa hukumu mwishoni mwa ulimwengu. Maneno haya hayawezi kupuuzwa, kwa kuwa yanataja hofu waziwazi. Lakini inafaa kuangalia ni hofu ya nani na ya nini. Maius hasemi kwamba hukumu iko mlangoni, wala hawalengi watu wa kawaida. Analenga wenye maarifa, yaani watawa wanaosoma, na hofu anayoitaka kwao ni ile inayomfanya mtu auchunguze mwenendo wake. Katika mapokeo ya kitawa, hofu ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa fadhila.

Maius alifariki mwaka 968 katika monasteri ya Tábara, akiacha mswada mwingine haujakamilika. Mwanafunzi wake Emeterius aliitwa kuumaliza. Alifanya kazi kwa miezi mitatu, akaikamilisha mwezi wa Julai mwaka 970. Katika maneno yake ya mwisho anauhutubia mnara mrefu wa mawe wa Tábara, ambamo alikaa ameinama juu ya kazi hadi viungo vyake vyote vikauma kwa sababu ya kalamu. Tena aliuchora mnara huo: ndani yake watu wanapanda ngazi, kengele zinapigwa juu, na katika chumba cha pembeni wanakili wawili wameketi wakikabiliana. Picha hiyo, ambayo sasa imechakaa, ni miongoni mwa michoro ya mwanzo inayoonyesha chumba cha wanakili kikiwa kazini. Mtu huyu, baada ya kuchora kuteketea kwa miji na kuanguka kwa nyota, anamaliza kitabu kwa kulalamikia mgongo wake na kuisifu nyumba aliyofanyia kazi.

Mwaka huohuo, Obeco alichora mswada wa Valcavado kwa abate Sempronius, akaanza tarehe 8 Juni na kumaliza tarehe 8 Septemba. Kasi hiyo ya miezi mitatu inaonyesha kwamba mbinu za kazi zilikuwa zimezoeleka na mifano ya kuiga ilikuwepo.

Miaka mitano baadaye, Emeterius alishiriki katika mswada wa Girona, ulioandikwa na Senior kwa agizo la abate Dominicus. Safari hii jina lake linatanguliwa na la mwanamke, Ende, anayetajwa kuwa mchoraji na mtumishi wa Mungu. Wapo wanaolisoma jina lake kuwa En tu, lakini maneno yanayomwelezea yako katika jinsia ya kike na hayaachi shaka kwamba alikuwa mwanamke. Ende ni miongoni mwa wanawake wa kwanza barani Ulaya wanaojulikana kwa jina kama wachoraji wa vitabu, na kutajwa kwake kabla ya Emeterius, aliyekuwa tayari na sifa, kunaashiria kwamba mchango wake haukuwa mdogo.

Kumbukumbu hizi zinapopangwa pamoja, zinatoa sauti moja. Wanataja mwalimu aliyekufa, abate aliyetoa agizo, siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Wanaomba kukumbukwa na wasomaji watakaokuja. Mtu anayeamini kwamba dunia itakwisha baada ya miaka michache hana sababu ya kuomba kukumbukwa na vizazi.

6.0 Swali la Adui

Tafsiri nyingine iliyoenea ni kwamba miswada hii ilikuwa silaha ya Wakristo dhidi ya Waislamu, na kwamba mnyama wa Ufunuo ni Uislamu. Wenye maoni haya hutegemea hali ya vita katika mpaka wa kaskazini, na pia sura za picha zenyewe. Babeli huonyeshwa kwa majengo yenye matao ya mviringo unaojikunja ndani, kama yale ya msikiti mkuu wa Córdoba. Na kahaba wa Babeli, katika mswada wa Morgan, ameketi juu ya matakia kwa namna ya watawala wa mashariki.

Hoja hizo zina uzito wake, lakini zinakutana na vizuizi viwili. Kwanza, ufafanuzi wa Beatus hauutaji Uislamu. Sehemu kubwa ya maneno yake yalitungwa kabla dini hiyo haijakuwepo, na pale anapoeleza mnyama na kahaba, anafuata njia ya Tyconius ya kuwaona kuwa ni uovu unaojificha katikati ya waumini. Pili, matao ya aina hiyo hayakuwekwa Babeli peke yake. Makanisa saba ya Asia, ambayo Yohana anayaandikia barua, nayo yamechorwa kwa matao hayohayo. Kanisa la San Miguel de Escalada, lililojengwa na watawa waliohama kutoka Córdoba na kuwekwa wakfu mwaka 913, lina matao hayo hadi leo. Tao lilikuwa sehemu ya lugha ya ujenzi iliyotumiwa na wote. Inawezekana kabisa kwamba mtazamaji fulani wa karne ya 10 alimwona mtawala wa Córdoba katika sura ya mfalme wa Babeli; picha hazimzuii. Lakini kitabu hakimlazimishi, na ufafanuzi unaofuata kila picha humrudisha kwenye nafsi yake.

7.0 Mabadiliko na Kukoma kwa Mapokeo

Katika karne ya 11, miswada ilianza kutoka katika mazingira ya monasteri ndogo. Mwaka 1047, nakala nzuri yenye picha 98 ilikamilishwa na Facundus kwa ajili ya mfalme Ferdinand wa Kwanza wa León na malkia Sancha. Nakala nyingine ilitengenezwa Saint-Sever, kusini magharibi mwa Ufaransa, wakati wa abate Gregory de Montaner. Kitabu kilikuwa sasa pia hazina ya wakuu na alama ya heshima ya ufalme.

Lakini msingi wake wa awali ulikuwa ukidhoofika. Mwaka 1080, mkutano wa Burgos uliidhinisha ibada ya Kirumi ichukue nafasi ya ibada ya kale ya Hispania, na hivyo amri ya kusoma Ufunuo wakati wa Pasaka ikapoteza mazingira yake. Mwandiko wa Kivisigothi nao ulianza kuachwa. Mswada wa Silos, ulio sasa katika Maktaba ya Uingereza, unabeba alama za kipindi hicho cha mpito: maandishi yalikamilika mwaka 1091, lakini uchoraji ulisimama na kukamilishwa mwaka 1109 na Petro, aliyekuwa na cheo cha priori katika monasteri. Nakala ziliendelea kutengenezwa, kama ule wa Lorvão nchini Ureno wa mwaka 1189, na wa Las Huelgas wa mwaka 1220, unaonakili hata picha ya mnara wa Tábara. Baada ya hapo mapokeo yalififia.

Muda wa kufifia huko ni hoja yenyewe. Miswada haikukoma kwa sababu tarehe ya kuogofya ilipita; tarehe ya Beatus ilipita mwaka 800, na mwaka wa elfu wa Era ulipita 962, bila kuathiri unakili. Ilianza kupungua pale ibada iliyoihitaji ilipoondolewa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba miswada ya Beatus haiwezi kutumiwa kama ushahidi wa taharuki ya mwaka 1000. Kalenda ya wanakili inaipinga dhana hiyo moja kwa moja. Amri ya mwaka 633 inatoa sababu iliyo wazi zaidi ya kuwepo kwa kitabu. Mpangilio wa kisa, picha na ufafanuzi unamdai msomaji mtulivu, na kumbukumbu za Maius, Emeterius, Obeco na wenzao ni za mafundi waliotarajia kazi zao zidumu.

Hii haimaanishi kwamba watengenezaji na wasomaji hawakuuogopa mwisho. Maius alisema wazi kwamba anataka watu waogope. Tofauti iliyopo ni kati ya hofu inayongoja siku na hofu inayopanga maisha. Ya kwanza hufa siku ikipita. Ya pili iliweza kurudiwa kila Pasaka, ikafundishwa na mwalimu kwa mwanafunzi na kupitishwa kutoka monasteri hadi monasteri kwa zaidi ya karne tatu. Kwa mwanahistoria, funzo la jumla ni kwamba mswada wenye tarehe unapaswa kwanza kusomwa kwa kalenda ya aliyeuandika, kabla ya kupewa nafasi katika kalenda ya anayeusoma.